Bahasha kumi na nane na simu isiyolia: je, niende tena kwenye maonesho ya ajira?

"Shikamoo mshauri. Mimi ni binti wa miaka 24, natokea Tandahimba. Nilihitimu stashahada ya ununuzi na ugavi miaka miwili iliyopita na tangu hapo sijapata ajira. Wakati wa msimu wa korosho humsaidia mjomba wangu kwenye chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa kijijini kwetu, lakini hiyo siihesabu kuwa uzoefu. Mwaka jana nilikwenda kwenye maonesho ya ajira nikagawa bahasha kumi na nane zenye wasifu wangu na nakala za vyeti, moja kwa kila banda. Hakuna aliyenipigia. Nauli, gharama za kurudufu vyeti na suti ya kukodi vyote vilitoka kwa mama. Mwezi ujao kuna maonesho mengine mjini Mtwara. Rafiki zangu wanasema kama humjui mtu ndani unapoteza muda, na kijana mmoja amenitumia ujumbe kwamba nikimpa shilingi elfu hamsini ataniingiza kwenye orodha ya watakaosailiwa siku hiyo. Kiingereza changu nacho si kizuri. Je, niende tena? Na nikienda, nifanye nini tofauti?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: usitume hiyo shilingi elfu hamsini. Hakuna mwajiri halali anayemtoza mwombaji ili jina lake liingie kwenye orodha ya usaili, na mwandaaji wa maonesho hana mamlaka ya kuuza nafasi ya kusailiwa na kampuni isiyo yake. Huo ni utapeli, na unawanasa hasa watu waliochoka kusubiri. Usimjibu. Hifadhi ujumbe wake, kisha iripoti namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli wa simu. Kama umeshamtumia chochote, nenda kituo cha polisi na ujumbe huo pamoja na kumbukumbu ya muamala.

Sasa turudi kwenye bahasha zako. Naona kwamba kimya kilichofuata umekichukua kama hukumu juu yako, na swali la kwenda au kutokwenda limebeba hofu ya kuhukumiwa mara ya pili. Ukweli ni kwamba bahasha zile, kwa sehemu kubwa, hazikusomwa, na mtu hawezi kukataliwa na asiyemsoma. Kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa pili wa meza hizo nikiwa afisa rasilimali watu, kwa hiyo nikueleze siku inavyokwenda. Kampuni huleta watu wawili au watatu. Mmoja mara nyingi ni wa kitengo cha mawasiliano, ametumwa kulitangaza jina la kampuni. Mwingine ni mfanyakazi kijana aliyeazimwa kutoka idara fulani. Na yule meneja mwenye pengo kwenye idara yake, ambaye ndiye anayeamua nani aajiriwe, ama hayupo kabisa ama hupita kwa saa moja, akamsalimu mgeni rasmi na kuondoka. Ikifika saa nane mchana meza imejaa bahasha za kaki zinazofanana, kila moja ikiwa na vyeti vile vile na barua inayoanza kwa maneno yale yale. Jioni zinatiwa kwenye boksi, na boksi linafika ofisini siku ambayo hakuna nafasi yoyote iliyotangazwa. Nafasi ikija kutangazwa miezi mitatu baadaye, maombi yanapokelewa kwa barua pepe au kwa mfumo wa kompyuta, na lile boksi linabaki pale pale chini ya meza.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikirudi nami ofisini kikiwa na uhai, nacho kilikuwa karatasi yangu ya mfukoni, ambayo juu yake nilikuwa nimeandika majina matano au sita ya watu niliozungumza nao nikaona wanajua wanachokitafuta. Pembeni ya kila jina niliandika maneno machache ya kunikumbusha: "huyu amefanya kazi bandarini", "huyu aliuliza kuhusu magari ya mzigo", "anatoka Masasi, anajua hesabu za stoo". Wiki kadhaa baadaye meneja wa ghala alipoingia ofisini kwangu na kuniuliza kama sikuona mtu wa kufaa kule kwenye maonesho, nilitoa karatasi hiyo. Kazi yako yote ya mwezi ujao ni kuingia kwenye karatasi za namna hiyo mbili au tatu. Kugawa bahasha mabanda yote kumi na nane kulikunyima nafasi hiyo, kwa sababu hukukaa na mtu yeyote muda wa kutosha kukumbukwa.

Hapa ndipo rafiki zako wanapokuwa na nusu ya ukweli. Sitakudanganya kwamba kujuana hakupo. Kupo, na kunaumiza vijana wenye uwezo. Lakini mara nyingi kinachoitwa kujuana ni kufahamika, yaani kuna mtu ndani ya ofisi anayeweza kusema, "Huyu nimewahi kuzungumza naye, anaijua kazi." Mtoto wa mjini hufahamika kupitia wazazi, majirani na watu wa msikitini au kanisani kwao. Wewe unayetoka Tandahimba huna mlango huo, na maonesho ya ajira ni mojawapo ya milango michache ambayo unaweza kuingia bila ndugu wa kukushika mkono. Kwa sababu hiyo naona uende, ila kwa sharti moja nitakalolieleza.

Kwanza, utenganishe mabanda ya Serikali na ya watu binafsi. Ajira nyingi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako tangazo, maombi na wito wa usaili vyote hupitia kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Afisa wa taasisi ya umma aliyekaa bandani, hata akikupenda namna gani, hawezi kukuajiri pale, na kumwachia bahasha ni kumpa mzigo asio na mahali pa kuupeleka. Muulize mambo anayoyajua: kada yenu ya ugavi inaitwaje kwenye matangazo, inahitaji sifa gani, na usajili gani wa kitaaluma. Kwa fani yako jibu litakuwa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, yaani PSPTB, kwa kuwa sheria inataka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa. Kama hujaanza usajili, anza, na ukiulizwa bandani uweze kusema umefika hatua gani.

Kwenye sekta binafsi, vijana wengi wa kusini hukimbilia mabanda ya gesi, nami naelewa, maana tumekua tukiisikia habari hiyo. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, bomba la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015, na mradi mkubwa wa Likong'o kule Lindi umezungumzwa kwa miaka mingi. Lakini mtambo wa kuchakata gesi, kama ule wa Madimba, huhitaji watu wengi wakati wa kujengwa. Ukishaanza kazi unaendeshwa na mafundi wachache wenye ujuzi maalumu. Ajira nyingine huhamia kwa wanaouhudumia: wenye malori, wapishi, walinzi, wauza vipuri, wenye maghala. Kwa hiyo ukifika kwenye banda la gesi, swali lenye faida kwako ni hili: "Ni kampuni zipi za hapa Mtwara zinazowauzia vipuri na huduma?" Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inawataka wawekezaji watoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania, kwa hiyo si swali la kumshangaza mtu, na jibu lake linaweza kukupa majina matatu ya waajiri ambao hata hawakuleta banda.

Mabanda ninayotaka uyape muda zaidi ni yale yenye stoo nyuma yake: waendesha maghala ya korosho, viwanda vya kubangua, kiwanda cha saruji, mawakala wa forodha na wasafirishaji wanaotumia bandari ya Mtwara, na wanaotunza dawa na vifaa tiba, kuanzia Bohari ya Dawa hadi hospitali kama ile ya Ndanda. Omba mapema orodha ya watakaoshiriki, chagua wanne, na usome kila mmoja anapokea nini, anakihifadhi wapi na anakipeleka wapi. Na hili ndilo sharti nililolitaja: kama katika orodha nzima hakuna hata wawili wenye kazi inayofanana na yako, usiende. Nauli hiyo itumie kwenda mwenyewe, siku ya kawaida ya kazi, kwenye ofisi tatu za aina niliyoitaja na kuomba kuonana na msimamizi wa stoo.

Sasa nije kwenye sentensi iliyonifanya nikae kuijibu barua yako kwa urefu huu, ile uliyosema kwamba kazi ya chama cha msingi huioni kuwa uzoefu. Mkulima anapofikisha korosho zake kwenye mizani, kuna mtu anayeandika uzito, anayetenganisha daraja la kwanza na la pili, anayetoa stakabadhi, anayehesabu magunia, anayejaza hati za mzigo unaopelekwa ghala kuu, na anayelinganisha uzito uliotoka kijijini na uzito uliopokelewa ghalani. Wewe unajua kuliko mimi jinsi upungufu wa kilo chache katika kila lori unavyoweza kuufanya mkutano mkuu wa chama uishe kwa ugomvi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho huwekwa ghala kuu kwa stakabadhi kisha zikauzwa kwa mnada, na uliotumika kwenye korosho za kwetu tangu msimu wa 2007/2008, unasimama juu ya makaratasi hayo. Karani akikosea, mnada unafanyika na mkulima halipwi kilicho chake. Kama ulifanya hata nusu ya shughuli hizo, ulikuwa unafanya kazi ya ugavi: kupokea mzigo, kukagua ubora, kuhifadhi, kutunza kumbukumbu na kusafirisha. Darasani ulifundishwa majina ya vitu hivyo. Kijijini ulivifanya mbele ya foleni ya watu wanaosubiri pesa ya ada.

Kwa hiyo yaondoe kwenye wasifu wako maneno kama "nilisaidia chama cha msingi", kama yamo, na uandike hivi: "Karani msaidizi wa mapokezi ya korosho, misimu miwili. Nilipima na kuandikisha mzigo wa wakulima, nilitoa stakabadhi, nilijaza hati za kusafirisha mzigo kwenda ghala kuu, na nililinganisha hesabu ya magunia kila jioni." Kisha muulize mjomba wako chama kilipokea tani ngapi katika misimu uliyokuwepo, na kwa ruhusa yake uiweke takwimu hiyo, kwa kuwa mtu wa ghala akiona tani anapata picha ya ukubwa wa kazi mara moja. Andika yale tu uliyoyafanya kwa mikono yako. Kusini watu wa korosho wanafahamiana, na simu moja kwa mwenyekiti wa chama inatosha kubaini kilichoongezwa chumvi.

Wasifu wenyewe usizidi kurasa mbili, na nakala sita zinatosha. Vyeti halisi usimwachie mtu yeyote, na nakala za vyeti usizigawe mpaka uombwe. Ila kuna jambo la vyeti ambalo limewakosesha kazi watu niliowapenda sana, nalo ni tofauti ya majina. Linganisha leo hii cheti chako cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha chuo na kitambulisho cha Taifa. Kwetu huku mtu huitwa Fatuma kwenye cheti kimoja na Fatma kwenye kingine, au jina la babu huonekana pale na kupotea hapa, na hakuna anayejali mpaka siku ya uhakiki, ambapo aliyefaulu usaili anaambiwa arudi nyumbani. Ukikuta tofauti, mwone wakili akuelekeze kuhusu hati ya majina inayotakiwa na jinsi ya kuisajili. Usisubiri kuitwa kwenye usaili ndipo uanze.

Mavazi yasikusumbue. Sketi au gauni la heshima lililopigwa pasi, mtandio ukiwa ni wa kawaida yako, na viatu unavyoweza kusimama navyo kwa muda wa saa tano vinatosha. Joto la Mtwara si rafiki wa suti ya kukodi.

Fika katika saa ya kwanza ya maonesho, kabla waliopo mabandani hawajachoka. Unapolifikia banda, salimu kama ulivyolelewa. Shikamoo kwa mtu mzima haikupunguzii hadhi ya kitaaluma, na kwa aliye rika lako "habari za asubuhi" inatosha. Kisha sema wewe ni nani kwa muda usiozidi dakika moja. Kwa mfano: "Naitwa fulani, nina stashahada ya ununuzi na ugavi, na kwa misimu miwili nimepokea na kuandikisha korosho kwenye chama cha msingi huko Tandahimba. Nimesoma kwamba ninyi mnapokea mzigo kutoka wilaya zote za huku, nikataka kujua: msimu ukifika, kazi ya mapokezi ghalani mnaipangaje, na huwa mnachukua watu wa aina gani?" Hapo umemfanya azungumzie kazi yake, na mtu anayezungumzia kazi yake humkumbuka aliyemsikiliza. Muulize pia nafasi zao hutangazwa wapi na miezi gani, maana mwajiri wa korosho hupanga watu wake kabla mizani haijafunguliwa mwezi Oktoba, na anayeomba Desemba amechelewa. Kabla ya kuondoka, omba jina lake na njia ya kuwasiliana naye, mpe wasifu wako mkononi, kisha sogea pembeni uandike mlichozungumza kabla hujaenda banda linalofuata.

Kuhusu Kiingereza, hofu yako ni kubwa kuliko tatizo lenyewe. Katika mabanda mengi ya hapa mazungumzo yatakuwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kilichonyooka kinakupa heshima kuliko Kiingereza kinachojikwaa. Hata hivyo kampuni zenye wageni zinaweza kukupima kidogo, kwa hiyo ile dakika moja ya kujieleza iandae pia kwa Kiingereza, umpe mwalimu wa sekondari ya karibu aisahihishe, na uifanyie mazoezi kwa sauti mpaka iache kukutisha. Akikuuliza zaidi ya hapo, jibu kwa sentensi fupi, na usiogope kumwomba arudie swali.

Baada ya maonesho kuna hatua ambayo karibu wote huiacha. Ndani ya siku mbili, mwandikie kila uliyezungumza naye kwa kina ujumbe wa mistari minne: jina lako, mlichozungumza, jambo moja ulilojifunza kwake, na wasifu wako ukiwa umeambatishwa. Usiombe kazi katika ujumbe huo. Uliza kama unaweza kumkumbusha kabla ya msimu. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki tatu, kisha umwache. Na ile simu isiyolia tuiangalie pia kwa upande wako: mwajiri hupiga mara moja, akimkosa mmoja anapiga jina linalofuata. Kama nyumbani mtandao unasumbua, andika kwenye wasifu namba ya pili ya mtu anayeshinda mahali penye mtandao na atakayekufikishia ujumbe siku hiyo hiyo, na asiache kupokea simu kwa sababu tu namba haijui.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza. Ukitaka mtu wa kukaa naye na kupitia wasifu wako mstari kwa mstari, anza na mshauri wa wanafunzi wa chuo ulichosoma, kwani kuhitimu hakukuondolei haki ya kubisha hodi. Na ujiandikishe pia kwa TaESA, huduma ya ajira ya Serikali, ambao kazi yao ni kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri na kuwapa ushauri. Ukipewa kazi hapo hapo au siku chache baadaye, omba mkataba au maelezo ya ajira kwa maandishi, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka. Ukikuta kifungu usichokielewa, kipeleke kwa afisa kazi wa mkoa kabla ya kutia saini. Na ikitokea mtu yeyote, awe na cheo gani, akakuomba pesa au akakutaka kimapenzi ili akupe nafasi, usijilaumu na usilibebe peke yako. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga simu TAKUKURU kwa namba 113 au nenda ofisini kwao, na ukiweza nenda na mtu unayemwamini.

Wiki hii, kabla hata ya kuugusa wasifu, nenda kwa uongozi wa chama chenu ukaombe barua inayotaja uliyoyafanya, misimu uliyoyafanya na jina la mtu anayeweza kupigiwa simu kuthibitisha. Kwa kuwa mjomba wako ni ndugu, barua isainiwe na mwenyekiti. Msimu ukishafunguliwa na malori yakaanza kupanga foleni, hakuna atakayekuwa na muda wa kukuandikia.